Sema kwanza, kisha subiri jibu: mwongozo wa kuhusiana kwa heshima na watu wasioona na wenye uoni hafifu

Mtu anayeona anapoingia mahali, hata kabla hajakaa amekwisha kujua nani yupo, kiti kipi ni kitupu, mlango wa kutokea uko upande gani na nani amekunja uso. Mtu asiyeona huyapata mambo hayo hayo kwa sauti, kwa mguso, kwa harufu na kwa kuuliza, na mara nyingi huchelewa kuyapata kwa sababu sisi wenye macho tumezoea kuongea kwa vidole, kwa kope na kwa kutikisa kichwa bila kutamka neno. Nguvu anazo na akili anazo. Kinachompungukia akiwa nasi ni taarifa. Kwa hiyo mwongozo huu unasimama juu ya kanuni moja, kwamba umweleze kwa maneno kilichopo, kisha umwachie yeye uamuzi. Nimezipanga hatua kwa mtiririko wa siku ya kawaida, kuanzia kukutana naye njiani hadi mezani, dukani na kwenye simu, na mifano mingi nimeichukua Tanzania na Kenya.

Hatua ya kwanza: Elewa kwamba kutoona kuna viwango

Wengi hudhani kwamba watu wamegawanyika makundi mawili tu, wanaoona na wasioona kabisa, na dhana hiyo ndiyo inayozaa maudhi mengi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 duniani wana tatizo la kuona mbali au karibu, na wengi miongoni mwao wanaona kitu fulani. Mwenye glakoma, ambayo wengi tunaiita presha ya macho, kwa kawaida huanza kupoteza uoni wa pembeni, hivyo anaweza kusoma ujumbe kwenye simu na dakika hiyo hiyo akajigonga kwenye nguzo iliyo kando yake. Aliyeharibika sehemu ya kati ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, huwa kinyume chake: anatembea bila shida, lakini hatambui sura yako hadi uongee. Mwenye mtoto wa jicho huona kama kupitia ukungu, na jua kali la mchana humzidishia taabu. Watu wenye ualbino karibu wote wana uoni hafifu, macho yao huchezacheza bila wao kutaka, na mwanga mkali huwaumiza, ndiyo maana mwanafunzi mwenye ualbino husogeza daftari hadi karibu na pua na bado asione kilichoandikwa ubaoni.

Basi ukimwona mtu mwenye fimbo nyeupe akitazama saa yake, usimtuhumu kwamba anaigiza, na usimpungie vidole usoni ukimwuliza ni vingapi. Ukitaka kujua umsaidie kwa kiasi gani, muulize jambo lenye manufaa: "Unaona kiasi gani hapa tulipo, na mwanga huu unakufaa?" Jibu lake la asubuhi huenda lisiwe lile la jioni, kwa kuwa mwanga hubadilika na macho huchoka.

Kuhusu namna ya kumtaja, vyama vya wahusika wenyewe na nyaraka za serikali hutumia zaidi "asiyeona" na "mwenye uoni hafifu". Neno "kipofu" wapo wanaojiita wenyewe bila shida, na wapo linalowachoma kwa sababu wamelisikia mno kama tusi. Usilitumie mpaka usikie mwenyewe analitumia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 54, inatamka kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima na kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha. Jina lake la kuzaliwa, au cheo chake, ndilo bora kuliko yote. Wala usihangaike kukwepa maneno ya kawaida: yeye pia husema ameiangalia mechi, na ukimwambia "tutaonana kesho" hujamkosea.

Hatua ya pili: Salimu kwa sauti na ujitaje

Usimsogelee kimya kimya. Ukiwa umbali wa hatua mbili au tatu, anza kwa salamu na ulitaje jina lako hata kama mmefahamiana miaka mingi: "Shikamoo mwalimu, ni Juma wa duka la dawa." Sauti peke yake haitoshi mahali penye kelele, mwenye mafua hubadilika sauti, na ndugu wa tumbo moja mara nyingi hufanana sauti. Ule mchezo wa kumshika begani na kumwambia "haya niambie mimi ni nani" uachwe kabisa. Unamtia mtu mzima katika mtihani mbele ya watu, na akikosea ndiye anayeaibika.

Salamu zetu zina matendo mengi ndani yake. Binti anapopiga goti kumsalimia babu asiyeona, goti lile halimfikii babu mpaka sauti ilifuatie, na kijana anayetoa mkono kimya huonekana hajali, au mkono wake hubaki hewani na wote wawili wakaona haya. Sema "nakupa mkono", au gusa kidogo nyuma ya kiganja chake kwa nyuma ya kiganja chako. Akikuamkia kwa salamu isiyolingana na umri wako, itikia kwa upole na umweleze wewe ni nani, maana sauti hudanganya.

Penye watu wengi, kwa mfano barazani au kwenye kikao cha harusi, mwambie nani wapo na wamekaa upande gani, na kila anayemsemesha amwite kwanza kwa jina. Usipomtaja, swali linalorushwa kwa kumtupia macho tu halina mwenyewe. Mtu mpya akiingia au mwingine akitoka, sema pia.

Zungumza naye yeye mwenyewe. Kosa hili hutokea kila siku: mhudumu wa mgahawa, karani au hata daktari anamgeukia mtu aliyemsindikiza na kuuliza, "Huyu atakula nini?" au "Anaumwa wapi?" Kama wewe ndiye msindikizaji uliyeulizwa, jibu kwa adabu, "Tafadhali muulize mwenyewe," kisha unyamaze. Na usipaze sauti. Masikio yake mara nyingi ni mazima.

Lipo pia suala la "pole". Katika lugha yetu pole ni neno jema, tunampa aliyebeba mzigo, aliyejikwaa na aliyefiwa. Lakini mtu aliyeamka salama, akavaa vizuri, yuko njiani kwenda kazini, hana sababu ya kupewa pole na kila anayepishana naye kwa sababu tu haoni. Vivyo hivyo kwa dua za sauti kubwa ndani ya daladala, maswali ya "ulizaliwa hivyo au ulirogwa?", na ile tabia ya kumwekea sarafu mkononi mtu anayesubiri basi. Wasioona ni walimu, mawakili, wakulima, wanamuziki, wazazi wenye kulipa ada. Mtu akiomba msaada wa fedha, huo ni uamuzi wako na wake; asiyeomba hajaomba.

Hatua ya tatu: Uliza kabla ya kugusa

Maswali ni mawili, na yote yana umuhimu. La kwanza ni "Naweza kukusaidia?" La pili, akikubali, ni "Nikusaidie vipi?" Wengi huishia kwenye la kwanza na kumkokota mtu wanakotaka wao. Akisema hahitaji, mshukuru uende zako, bila kununa na bila kumfuata nyuma ukimlinda. Mtu anayegonga ukuta kwa fimbo yake hajapotea: huenda anautafuta ukuta huo makusudi ili aufuate hadi kwenye mlango anaoujua.

Fimbo nyeupe ichukulie kama sehemu ya mwili wake. Usiishike ncha na kumvuta, usiihamishe akiwa ameiegesha, na usiiruke wakati inapapasa njia. Simama kidogo ipite.

Hatari ikiwa karibu sana, hapo huna muda wa kuuliza, lakini hata hapo neno linatangulia mkono. "Angalia!" na "Chunga!" hazimwambii chochote, na watu watano wakipiga kelele kwa pamoja, mmoja "kushoto!" mwingine "kulia!", humfanya aingie kwenye shimo ambalo asingeliingia kama wangenyamaza. Sema neno moja lenye kueleweka, "Simama!", na likishafanya kazi yake ongeza maelezo: "Kuna mtaro wazi hatua moja mbele yako, upana wake unavukika kwa hatua moja ndefu." Maneno kama "pale", "huku" na "hapo" tumezoea kuyasindikiza na kidole au mdomo, na bila kidole hubaki matupu. Badala yake taja upande, umbali na kitu chenyewe: upande wako wa kulia, hatua nne, kibanda cha wakala.

Hatua ya nne: Muongoze kwa kiwiko

Akikubali kuongozwa, simama pembeni yake, mkitazama upande mmoja, kisha muulize angependa awe kulia au kushoto kwako. Anayetumia fimbo kwa mkono wa kulia kwa kawaida hupenda kukushika kwa mkono wa kushoto. Gusa mkono wake kwa mkono wako, naye ataupandisha hadi juu kidogo ya kiwiko chako na kukushika, kidole gumba nje na vingine ndani. Anayekushika ni yeye. Hilo ni jambo kubwa, kwa sababu anayeshika ndiye anayeweza kuachia akitaka. Mkono wako uning'inie karibu na mbavu bila kukakamaa, nawe uwe mbele yake kwa nusu hatua. Mtoto mdogo atakushika kifundo cha mkono, na mzee mwenye miguu dhaifu huenda akapenda kuegemea zaidi.

Ile nusu hatua ndiyo siri ya kazi yote. Ukishuka ukingo wa barabara, kiwiko chako hushuka kabla mguu wake haujafika. Ukigeuka, mwili wako hugeuka kwanza. Ukipunguza mwendo, anajua kuna jambo. Anayemsukuma mtu kwa nyuma akimshika mabega amemfanya ngao ya kupokea kila kikwazo. Mkimbiaji wa Kenya Henry Wanyoike, aliyepoteza uoni mwaka 1995, alikuwa akikimbia ameunganishwa na mwongozaji wake kwa kamba fupi, na katika mbio za mita 5,000 za Michezo ya Paralimpiki ya Sydney mwaka 2000 mwongozaji ndiye aliyeishiwa nguvu karibu na mwisho, Wanyoike akamvuta hadi kwenye utepe na kutwaa dhahabu. Watu wawili wanaotembea pamoja wanategemeana, hata kama mmoja tu ndiye anayeona.

Njia ikibana, kama kati ya meza za wachuuzi wa Kariakoo au kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, sema "njia ni nyembamba" na upeleke mkono wako nyuma ya mgongo. Atajua kukufuata nyuma yako kwa mstari mmoja. Njia ikifunguka, rudisha mkono mahali pake. Penye ngazi, simama kabisa kwenye ukingo, useme kama ni za kupanda au za kushuka, na kama kuna kishikio uuongoze mkono wake hadi ukiguse. Tangulia ngazi moja, na mkifika mwisho useme "zimekwisha", kwa sababu hakuna kinachoshtua kama kukanyaga ngazi ambayo haipo. Penye mlango, mwambie unafunguka kwa kuvuta au kusukuma na uko upande gani.

Mitaro ya miji yetu inahitaji subira. Nyingi ziko wazi, na mahali pa kuvukia pamewekwa ubao au kipande cha zege kinachotikisika. Simameni, eleza upana wa mtaro na upana wa daraja hilo, mpe nafasi aupapase ukingo wa karibu na wa mbali kwa fimbo, kisha utangulie. Kuna pia vikwazo vya juu ambavyo fimbo haivigundui, kwa kuwa inapapasa chini: dirisha lililofunguliwa kwa nje, kioo cha pembeni cha lori lililoegeshwa, kibao cha tangazo, waya wa kuanikia nguo, tawi la mwembe. Kwa hivyo macho yako yafanye kazi ya kutazama kuanzia kiuno hadi juu ya kichwa chake, hasa akiwa mrefu kukuzidi.

Katika jamii nyingi za pwani, na kwa watu wengi wenye kushika dini popote, mwanamke na mwanamume wasio mahrimu, yaani ndugu wa karibu wasioweza kuoana, wala si mume na mke, hawashikani. Usilazimishe kiwiko, wala usimkwepe mtu kwa sababu hiyo. Uliza: anaweza kushika bega juu ya nguo, kushika ukanda wa mkoba wako, au kushika ncha ya fimbo wakati wewe umeshika ncha nyingine, kama watoto wengi vijijini wanavyowaongoza babu zao. Njia ya fimbo humpa taarifa chache kuliko kiwiko, hivyo ongeza maneno na upunguze mwendo.

Mkifika penye kiti, usimrudishe nyuma ukimkalisha kama mtoto. Weka mkono wake juu ya egemeo, useme kama kiti kina mikono na kimeelekea wapi, naye atakaa mwenyewe. Ukilazimika kumwacha kwa muda, mwambie unaondoka na utarudi baada ya muda gani, na umwache akiwa amegusa ukuta, nguzo au meza. Mtu aliyeachwa katikati ya uwanja mtupu hana pa kuanzia, na huenda akaendelea kuzungumza na wewe uliyekwisha ondoka.

Hatua ya tano: Barabarani na kwenye usafiri

Kwanza hakikisha kwamba anataka kuvuka. Si mara moja mtu amevushwa kwa nguvu barabara kubwa ilhali alikuwa anasubiri daladala upande ule ule aliotolewa. Akithibitisha, vukeni kwa mstari ulionyooka, kwa sababu kuvuka kimshazari humpotezea mwelekeo wake upande wa pili. Tanzania na Kenya magari hupita kushoto, hivyo ya kwanza kukufikia hutoka kulia, lakini bodaboda hutoka kokote, na pikipiki za umeme zinazozidi kuongezeka hazina mlio wa kutosha kumwonya. Ukiwa dereva, simama kabisa na usipige honi: honi humchanganya asijue kama unamruhusu au unamfukuza, na mkono unaompungia hauoni.

Kituoni, "gari lako hilo" haisaidii. Sema, "Hii ni ya Gongo la Mboto, mlango uko mbele yako kidogo kulia, ngazi ya kwanza iko juu." Mwelekeze kwenye kishikio, umtahadharishe kuhusu paa la mlango, na kama ungependa kumpatia kiti mwambie kiko wapi badala ya kuwaamuru abiria kwa kelele. Konda anaposhusha abiria atamke jina la kila kituo. Huo ni wajibu wake kwa wote, na kwa asiyeona ndiyo ramani yenyewe. Kwenye gari dogo na bajaji, mkono mmoja wa abiria uwekwe kwenye kitasa na mwingine kwenye ukingo wa paa, aelewe mwenyewe paa na mlango viko wapi. Kwenye bodaboda mpandishe kwa upande wa kushoto, kwa kuwa bomba la moshi lenye kuunguza mara nyingi liko kulia, na mikono yake uielekeze kwenye bega la dereva na kwenye kiti.

Hatua ya sita: Nyumbani na mezani

Mlango uwe wazi kabisa au umefungwa kabisa, kwani mlango wa nusu humkata mtu paji la uso. Ndoo, jiko la mkaa, stuli na viatu visikae kwenye korido. Ukihamisha samani mwambie, hata kama ni sentimita chache. Viatu alivyovivua barazani au msikitini viache pale pale alipoviweka. Anayevipanga vizuri pamoja na vya wengine, kwa nia njema, amempotezea robo saa ya kuvitafuta.

Kwa mgeni wa mara ya kwanza, mzungushe chumba kimoja kimoja, kuta kwa kuta, umwonyeshe choo kiko wapi na ndoo ya maji na kata viko upande gani, kisha umwache akitumie peke yake. Faragha ya choo ni yake kama ilivyo yako.

Wakati wa kunawa, sema "bakuli liko chini ya mikono yako, maji yanakuja", ndipo umimine. Chakula kikiwekwa, taja kilichopo na mahali kilipo. Baadhi ya miongozo ya ng'ambo hufundisha kuielezea sahani kama uso wa saa. Kwetu njia hiyo ina mtego: ukisema "nyama iko saa tatu", mmoja atafikiria namba 3 iliyo kulia na mwingine ataufikiria mshale ulioko kwenye 9 upande wa kushoto, sembuse aliyezaliwa haoni na hajawahi kuishika saa ya mishale. Sema kwa pande: "Wali uko upande wako wa karibu, maharage mbali kidogo katikati, mchicha kushoto, na kuku kulia, kipande ni paja. Glasi ya maji iko nje ya sahani, kulia, inchi chache kutoka kwenye kidole chako." Samaki akiwepo, muulize kama angependa umtolee miiba au ataitoa mwenyewe, kwani wengi hula samaki kwa mkono kwa ustadi kutuzidi. Chai ya moto usimwekee kimya. Mwambie imewekwa wapi na mkono wa kikombe umeelekea upande gani, na glasi usiijaze hadi ukingoni. Kwenye sinia la pamoja mwonyeshe upande wake, na nyama zikigawiwa katikati zitajwe zinapowekwa, ili asile wali mtupu mbele ya watu walioshiba kitoweo.

Watoto wake, kama anao, wasifanywe macho yake ya kudumu. Mtoto aliyetumwa kumsindikiza mzazi kila siku hukosa shule, na mwenye jukumu la kulisema hilo ni jirani anayeweza kusaidia kusindikiza.

Hatua ya saba: Fedha, dawa na karatasi

Unapomrudishia chenji, mpe noti moja moja na utaje kila moja: "Hii ni elfu kumi, hii ni elfu tano, hizi ni elfu moja mbili." Usimkabidhi bunda lililokunjwa. Wengi huzikunja noti kwa namna tofauti ili wazitambue baadaye, hivyo mpe muda azipange kabla foleni haijaanza kumsukuma. Noti za Kenya zilizotolewa mwaka 2019 zina alama zilizoinuka za kutambuliwa kwa vidole, na za Tanzania zinatofautiana kidogo kwa urefu, lakini noti iliyochakaa sokoni hupoteza alama, na tofauti ya milimita chache haipimiki katikati ya watu wanaosukumana.

Kwa wakala wa pesa kwa simu, namba ya siri ni ya siri. Usimwambie "nitajie nikubonyezee". Kama simu yake haisomi kwa sauti, mwonyeshe kwa kidole kitufe cha 5 chenye kinundu, abonyeze mwenyewe, kisha umsomee ujumbe wa muamala wote kwa sauti ya kumfikia yeye tu, ukiwemo salio lililobaki na jina la mpokeaji.

Bahasha ya dawa iliyoandikwa "1x3" haimsaidii. Mfamasia au muuguzi atamke jina la dawa, kazi yake, kipimo na siku, kisha asaidie kuweka alama: mpira mmoja wa bendi kwenye chupa ya asubuhi na mipira miwili kwenye ya jioni, au kona ya bahasha moja ikatwe na nyingine iachwe. Hapa nasisitiza kwa moyo wote, kwa sababu dawa iliyochanganywa inaweza kuua, na kinga yake ni kipande cha mpira.

Karatasi ya kutiwa saini isomwe yote, neno kwa neno, pamoja na yale maandishi madogo ya chini, na msomaji asifupishe wala asitoe maoni mpaka aombwe. Wengi wanajua kusaini. Weka ukingo wa rula au kadi chini ya mstari, uuongoze mkono wake hadi mwanzo wa nafasi. Kumpaka mtu msomi wino kwenye kidole gumba kwa sababu tu haoni ni kumdharau. Kama anasoma nukta nundu, yaani maandishi aliyoyabuni Mfaransa Louis Braille katika karne ya 19 kwa nukta sita zinazounda alama 63, muulize kama nakala inaweza kupatikana kwa maandishi hayo, na karatasi zake usizipangie vitabu vizito juu, kwa kuwa nukta hulala na maneno hufutika.

Mwenye uoni hafifu huhitaji mambo mengine: herufi kubwa na nene, wino mweusi juu ya karatasi nyeupe isiyong'aa, na mwanga unaotoka nyuma yake, si machoni. Mfungulie dirisha, au umhamishie kiti.

Hatua ya nane: Simu na makundi ya mtandaoni

Simu janja za sasa zina programu za kusoma skrini kwa sauti, TalkBack kwenye Android na VoiceOver kwenye iPhone, na maelfu ya wasioona wanaandika, wananunua na kufanya biashara kwa programu hizo. Zinasoma maandishi. Picha ya maandishi haziwezi kuisoma kwa uhakika, na hapo ndipo makundi yetu ya WhatsApp yanapowaacha watu nje: kadi ya mwaliko wa harusi imepigwa picha, ratiba ya mazishi imepigwa picha, barua ya shule ya mtoto imeskaniwa ikawa picha, kisha mtu analaumiwa kwamba hakuchangia wala hakufika.

Dawa yake ni dakika moja ya kuandika. Chini ya kila picha weka maneno yale yale yaliyomo ndani yake, kwa mfano: "Kadi ya kikao cha harusi. Jumamosi saa kumi jioni, ukumbi wa shule ya msingi ya mtaa. Mchango upelekwe kwa mweka hazina, namba yake iko kwenye ujumbe unaofuata." Picha ya watu ieleze kwa sentensi moja, ni akina nani na wanafanya nini. Punguza vikaragosi, kwani programu hutamka jina la kila kimoja, na safu ya nyuso kumi zinazocheka huweza kusomwa mmoja baada ya mwingine kabla ya kufikia habari yenyewe. Ujumbe wa sauti unafaa kwa mazungumzo, lakini namba za simu, akaunti na tarehe ziandikwe, ili aweze kuzinakili na kuzirudia. Na ukituma mahali kwa ramani, ongeza maelezo ya njia kwa alama anazoweza kuzigundua yeye: shuka kituo fulani, vuka, fuata lami kushoto hadi usikie mashine ya kusaga, geti ni la tatu baada ya hapo, la bati, gonga kwa nguvu.